Roketi za Mabomba Juu ya Mto Luvua

Ndugu msomaji, kama Jumapili hii umebaki nyumbani na watoto wamekuzunguka wakidai hadithi, ondoa vyombo mezani, futa makombo, kisha utandaze ramani ya Afrika. Safari yetu ya leo ni ya ramani, wala haina nauli. Inaanzia mahali ambapo reli yetu ya kati hukomea, yaani Kigoma, na inakwenda mpaka kwenye ukingo wa jabali moja katika nchi ya jirani. Hapo, kati ya mwaka 1977 na 1978, Wajerumani walirusha roketi mara tatu.

Tuvuke ziwa kwanza. Ukiondoka Kigoma jioni kwa chombo kiendacho Kalemie, giza likishaingia utaona majini taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga kama mtaa wa mji ulioelea. Siku hizi wengi hutumia taa za betri, lakini kwa miaka mingi taa ya mvuvi wa Ziwa Tanganyika ilikuwa ni karabai. Nakuomba uikumbuke hiyo karabai, kwa sababu tutairudia. Yule asiyejua roketi lakini amewahi kupampu karabai, ameshajifunza nusu ya somo la leo.

Kalemie, ambayo Wabelgiji waliiita Albertville, ni mji wa bandari na reli. Hapo ndipo maji ya Ziwa Tanganyika hupata mlango wa kutokea, kwa Mto Lukuga, yakaelekea Lualaba na hatimaye bahari ya Atlantiki. Mtu wa Ujiji hapotei Kalemie. Lugha ni ile ile, ingawa utasikia maji yakiitwa "mayi" na vitu vikiitwa "bintu". Kiswahili kilifika huku kwa miguu ya misafara kabla ya gavana yeyote kufika, na hakikusubiri kibali cha mtu.

Kutoka Kalemie tunaelekea kusini magharibi kwa zaidi ya kilomita 250, hadi Manono, mji uliojengwa juu ya bati. Wabelgiji walichimba bati hapo kwa miaka mingi. Kutoka Manono tugeuke mashariki hadi Kiambi, kwenye Mto Luvua. Mto huu hutoka Ziwa Mweru, kule Pweto, ukajipenyeza katika makorongo na maporomoko kabla ya kutulia na kuungana na Lualaba huko Ankoro. Katikati ya Pweto na Kiambi, upande mmoja wa mto ardhi inapanda kwa ghafla na kuwa uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,300 toka usawa wa bahari. Ukisimama ukingoni, bonde liko chini yako kwa mamia ya mita, na msitu umetandaa hadi macho yanapochoka. Hapo ndipo tunapokwenda. Weka kidole kwenye latitudo ya karibu digrii 8 kusini ya ikweta.

KAMPUNI YA WENYE FEDHA

Mwaka 1975 katika Ujerumani Magharibi ilianzishwa kampuni iliyoitwa OTRAG. Mwasisi wake alikuwa Lutz Kayser, mhandisi wa Stuttgart aliyezaliwa mwaka 1939. Haikuwa kampuni ya serikali. Wakati huo kupeleka chombo anga za juu ilikuwa kazi ya mataifa makubwa yenye majeshi makubwa; huyu bwana alitaka iwe biashara kama biashara ya malori. Mwenye setilaiti alipe nauli, mzigo upelekwe, basi. Fedha alizipata kwa mamia ya watu binafsi wenye kipato kikubwa. Sheria za kodi za nchi yao wakati ule ziliwaruhusu kupunguza kodi kwa kuonyesha hasara za kampuni waliyoweka fedha zao. Kwa hiyo, ndugu msomaji, safari ya kwenda mbinguni ilianzia katika fomu ya kodi ya mapato.

Mwenyekiti wa bodi ya kampuni hiyo alikuwa Kurt Debus. Jina hili lilizua maneno mengi. Debus ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo cha Kennedy kule Florida, walikorushiwa Wamarekani waliokwenda mwezini, mpaka alipostaafu mwaka 1974. Lakini kabla ya kuwa Mmarekani alikuwa mhandisi wa Peenemünde, ambako Ujerumani ya Hitler iliunda kombora la V-2 lililoangukia London na Antwerpen. Watu hawakusahau jambo hilo, na sioni kwa nini wangelisahau.

Kayser alihitaji mahali. Ulaya imejaa watu na mipaka. Tena roketi hupenda ikweta, na sababu yake ni nyepesi. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na kadiri unavyokaribia ikweta ndivyo ardhi unayoikanyaga inavyokwenda kasi. Pale juu ya Luvua ardhi yenyewe inasafiri karibu kilomita 1,650 kwa saa. Roketi inayoelekea mashariki hupewa mwendo huo bure, kama mtu anayeruka kutoka kwenye basi linalotembea. Ndiyo maana Wafaransa walikwenda Kourou kule Guiana, nao Waitalia wakasimamisha majukwaa yao baharini karibu na Malindi, walikorusha roketi kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Lakini zile za Malindi zilikuwa za mafuta makavu, kama fataki kubwa. Ukishaiwasha huwezi kuipunguza. Za Kayser zilikuwa za mafuta ya maji.

Zaire ya Mobutu ilikuwa na ardhi, na ilihitaji fedha. Bei ya shaba ilikuwa imeporomoka kuanzia mwaka 1974, madeni yamerundikana, na Rais mwenyewe alikuwa mpenzi wa mambo makubwa yanayotazamwa na dunia. Tusisahau kwamba mwaka huo huo wa 1974 aliwaleta Muhammad Ali na George Foreman wapigane Kinshasa. Baada ya ngumi, kwa nini isiwe roketi?

Mkataba ulikamilika mwaka 1976. Kampuni ilipangishiwa eneo la kilomita za mraba 100,000 katika Jimbo la Shaba, hadi mwaka 2000. Hebu tulipime eneo hilo kwa vipimo tunavyovijua. Ukichukua Rwanda na Burundi ukaziunganisha, eneo hilo linazizidi kwa karibu mara mbili. Ukichukua Unguja na Pemba, zinaingia humo mara arobaini. Maandishi ya mkataba yalipoanza kuchapishwa na magazeti ya nje, wasomaji waliona kwamba kampuni ilipewa haki ya kulitumia eneo hilo bila kizuizi kwa kazi zake, na kwamba serikali ilikubali kuwaondoa watu pale kampuni itakapoona wanazuia kazi.

Ni watu gani hao? Katika karatasi hawana majina. Ni Waluba, ni Watabwa, ni wakulima wa muhogo na wavuvi wa Luvua. Babu zao waliwahi kuishi chini ya karatasi kama hiyo. Mwaka 1891 Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi kwetu aliyekuwa mtawala wa Bunkeya, upande wa kusini wa nchi hii, aliuawa na msafara uliotumwa na Mfalme Leopold kumtaka akubali bendera. Kuanzia mwaka 1900 Katanga yote iliwekwa mikononi mwa kamati maalumu ambayo kampuni ilikuwa na hisa ndani yake, na kamati hiyo ikawa ndiyo serikali. Kwa hiyo mzee wa kijiji aliyesikia mwaka 1976 kwamba nchi yake imepangishwa kwa wageni hakusikia jambo jipya. Jipya lilikuwa sababu iliyotolewa.

KARABAI KUBWA

Sasa turudi kwenye karabai. Taa hii hujazwi mafuta ya taa hadi juu, huachwa nafasi. Kisha unapampu hewa katika nafasi hiyo, na ile hewa iliyobanwa ndiyo inayoyasukuma mafuta yapande hadi kwenye utambi wa kitambaa. Hakuna mashine ndani yake ya kuvuta mafuta. Ni hewa tu.

Roketi nyingi kubwa za mafuta ya maji huwa na pampu za ajabu, zinazozunguka kwa kasi isiyosemeka, nazo ndizo hula fedha na miaka ya wahandisi. Kayser alizitupa zote. Alichukua mabomba membamba ya chuma kisichoshika kutu, yenye upana wa sentimita 27, akayaunganisha moja juu ya jingine. Bomba moja lilitiwa mafuta ya taa, jingine likatiwa asidi kali ya naitriki iliyochanganywa na kemikali nyingine, kwa sababu kule juu hakuna hewa, na moto ni lazima ubebe pumzi yake. Mabomba yalijazwa theluthi mbili tu. Theluthi iliyobaki ilikuwa ya hewa iliyoshindiliwa. Ukifungua vali, hewa inasukuma, vimiminika viwili vinakutana chini katika tanuri la injini, na moto unatoka. Hata kiberiti hakikuhitajika, kwani kimiminika cha kwanza kukutana na ile asidi kilikuwa cha aina inayojiwasha yenyewe.

Na vali hizo zilifunguliwa na nini? Na mota ya waipa. Ndiyo, mota ile ile inayofuta mvua kwenye kioo cha gari. Ilikuwa ikitengenezwa kwa maelfu, ilikuwa rahisi, na iliaminika. Fundi yeyote wa gereji ya Gerezani angeitambua.

Bomba moja lenye injini yake lilitoa msukumo wa kiasi cha tani tatu, nao ni mdogo mno kwa safari ya mzunguko wa dunia, inayotaka mwendo wa karibu kilomita 8 kwa kila sekunde. Lakini hapo ndipo ilipokuwa hekima ya mtu huyu. Badala ya kujenga roketi kubwa na roketi ndogo, alitaka kujenga bomba moja tu, kwa mamia na maelfu, kama kiwanda kinavyotoa chupa za soda, kisha ayafunge pamoja. Mzigo mdogo ungepata furushi la makumi ya mabomba, na mzigo mkubwa ungepata furushi la mamia. Yale ya nje yangewaka kwanza na kudondoka, ya ndani yangefuata, kama maganda ya kitunguu. Ili kugeuza njia, injini za upande mmoja zingepunguzwa nguvu kidogo. Ndiyo maana tunasema ni ukoo wa roketi. Zote zingekuwa watoto wa bomba moja.

Nakiri kwamba wazo hili linanivutia, na sitaki uchungu wa mkataba unifanye nilidharau. Leo roketi za Marekani zinazobeba mizigo mingi kuliko nyingine zote huruka kwa injini tisa zinazofanana, na iliyo kubwa zaidi hubeba 33 chini yake. Zina pampu, ndiyo, lakini lile la kutengeneza kitu kimoja mara nyingi ili kishuke bei, Kayser alilisema mapema sana.

SIKU TATU ZA MOSHI

Kampuni ilifungua uwanja wa ndege juu ya ule uwanda, ikaunda hata shirika lake la ndege za mizigo, na vifaa vikabebwa kwa anga kutoka Ujerumani hadi kwenye pori hilo. Wenyeji walipewa kazi za mikono. Jukwaa la kurushia lilisimamishwa karibu na ukingo. Katika picha za wakati ule roketi yenyewe inashangaza kwa udogo wake: mabomba manne membamba yaliyokumbatiana, mfano wa fito za kuezekea zilizofungwa pamoja.

Ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei, 1977. Ilipanda. Wakati huo huo, upande wa kusini magharibi wa jimbo lile lile, vita vya kwanza vya Shaba vilikuwa vinaelekea mwisho. Ya pili ilirushwa tarehe 20 Mei, 1978, nayo ikapanda. Itazame tarehe hiyo vizuri, ndugu msomaji. Siku moja kabla yake, yaani tarehe 19 Mei, askari wa Kifaransa walikuwa wameshuka kwa miavuli Kolwezi, mji wa migodi wa jimbo hilo hilo. Katika juma moja, watu wa Shaba walioinua macho mbinguni huku waliona askari wakishuka, na kule waliona bomba likipanda.

Ya tatu ilikuwa ya wageni. Tarehe 5 Juni, 1978, Mobutu mwenyewe alifika kutazama. Roketi iliondoka, ikapinda njia, ikaangukia bondeni.

Hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyokaribia anga za juu; zilikuwa za majaribio ya bomba, si za kubeba setilaiti. Lakini kelele zake zilifika mbali kuliko zenyewe. Umoja wa Sovieti ulidai kwamba Wajerumani wanaficha makombora ya vita Afrika, kwa maana mkataba wa mwaka 1954 uliwakataza Wajerumani wa Magharibi kuunda makombora ya masafa marefu kwao. Angola, iliyokuwa na uhasama na Zaire, ililalamika. Serikali ya Bonn yenyewe ikaanza kuona haya. Madai ya makombora hayakupata kuthibitishwa, na wataalamu walisema kwamba roketi inayohitaji saa nyingi kujazwa asidi si silaha ya maana kwa jeshi lolote. Mimi nadhani kelele hizo zilielekezwa mahali pasipo penyewe. Wakubwa waligombana juu ya kile kilichopanda hewani; ile ardhi iliyopangishwa chini haikuwa na msemaji katika mkutano wowote.

Hata sisi tulikuwa na hisa yetu bila kuambiwa. Rudisha kidole pale ukingoni mwa Luvua, kisha uchore mstari kwenda mashariki, kama roketi ya Kayser ingekwenda siku ambayo ingekuwa kubwa. Unavuka Ziwa Tanganyika. Baada ya kilomita kama 340 uko juu ya Sumbawanga, ambayo iko karibu kabisa katika latitudo ile ile. Endelea, unapita jirani na Ifakara, unafika delta ya Rufiji, unaishia Mafia. Yale maganda ya kitunguu yangekuwa yakidondoka mahali fulani chini ya mstari huo. Eneo kubwa lile lilipangishwa kwa ajili hiyo, ili vipande vya kwanza viangukie humo. Lakini vitu vinavyokwenda kasi namna hiyo havisomi mipaka.

Mwaka 1979 Mobutu, akiwa amesukumwa kutoka kila upande, aliiamuru kampuni isimame na kuondoka. Kwetu habari hiyo ilipita bila kishindo, maana mwaka huo taifa lilikuwa vitani, na aliyekuwa na mtoto jeshini hakuwa na nafasi ya kusoma habari za roketi za Shaba. Kampuni ilikwenda Libya, jangwani karibu na Sabha, ikarusha tena mwaka 1981. Huko nako mambo yakaharibika, vifaa vikabaki mikononi mwa serikali ya Gaddafi. Ikavunjwa baadaye katika miaka hiyo hiyo ya 1980 bila kupeleka hata kijiko kwenye mzunguko wa dunia. Debus alifariki mwaka 1983. Kayser alimaliza siku zake kwenye kisiwa kidogo cha Marshall, katikati ya bahari ya Pasifiki, akafa huko mwaka 2017. Mwaka uliofuata Wajerumani walitoa filamu juu ya habari zake.

Shaba imerudia jina la Katanga, na mwaka 2015 Katanga ikagawanywa; Kalemie na Manono sasa ziko katika jimbo liitwalo Tanganyika, jina tunalolifahamu. Na Manono imerudi magazetini. Chini ya bati la zamani pana lithiamu, madini ya kutengenezea betri za magari na simu, na hazina hiyo inatajwa kuwa kati ya zilizo kubwa kabisa duniani. Kampuni za kigeni zimefikishana mahakamani za mbali, kila moja ikidai kwamba karatasi halali ni ya kwake.

Tumechelewa, ndugu msomaji, turudi Kalemie tuwahi chombo. Watoto wakikuuliza ile roketi ilikuwaje, usihangaike na vitabu. Kama una karabai ya mzee darini, ishushe, uipampu mbele yao mpaka ianze kuvuma. Waambie wasikilize tu ule uvumi, ndio hewa inayosukuma mafuta. Kisha wafikirie karabai nne zilizofungwa pamoja, zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu, kwenye ukingo wa jabali, na mvuvi mmoja wa Luvua aliyeegesha mtumbwi wake kule chini, anatazama juu.